Kozi ya Kiingereza ya jioni Magomeni: nililipia may, might na could

Nianze na bei, maana najua wengi mtaitafuta kwanza. Ni shilingi 80,000 kwa mwezi, Jumanne na Alhamisi, saa 11:30 jioni mpaka saa 1:30 usiku. Kijitabu ni 7,000 pembeni. Cheti ni 15,000, na mimi sijakichukua, nitaeleza mbele. Malipo ni kwa lipa namba, na jina linalotokea kwenye meseji ni la mtu, si la shule. Usishtuke, ila dai risiti ya mkono palepale. Jina lenyewe la shule silitaji. Nina ya kusifu na nina ya kulalamika, na hayo ya pili sitaki yanipandishe kizimbani.

Kwa wenye haraka: kama kazi yako inakutaka uandike Kiingereza, hasa kile cha kumwambia mtu kwamba asipofanya hivi litamkuta lile, hela yako haitapotea. Kama shida yako ni kuongea, subiri nifike kwenye mabaya.

Mimi niko ofisi ya wakala wa forodha, Kurasini, hapa Dar. Mizigo yetu mingi ni ya transiti: inashuka bandarini, inapanda lori, inakwenda Zambia kupitia Tunduma au inavuka mpaka Kongo. Nusu ya siku yangu inaishia kwenye kuwaandikia watu matokeo. Nyaraka zisipofika itakuwaje. Forodha wakitaka kufungua kontena itakuwaje. Lori likilala Tunduma itakuwaje. Wateja wa Lubumbashi tunaelewana kwa Kiswahili, chao na chetu, tunachekana kidogo mambo yanakwenda. Wa Ndola na Lusaka ni Kiingereza, tena cha maandishi, na maandishi hayasahau.

Kuna barua pepe ilitoka ofisini kwetu, aliyeiandika alishahamia kampuni nyingine, ikisema: "The container will be released on Friday." Ijumaa ikaja, ikapita, kontena bado limekaa. Mteja akaturudishia sentensi ileile, neno "will" kalipaka rangi ya njano, akauliza nani atamlipa dereva wake aliyekuwa anasubiri tangu Alhamisi. Mtu wa kumjibu nikawa mimi. Bosi aliposoma mlolongo mzima akasema ofisi itatoa nusu ya ada kwa yeyote atakayekwenda kunoa Kiingereza chake. Watu wakapiga makofi. Niliyekwenda ni mimi peke yangu.

Mahali penyewe ni ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa, ukishuka kituo cha mwendokasi cha Mapipa unatembea kidogo tu. Chumba kina feni mbili, moja inazunguka na nyingine inapiga kelele. Ukuta wa pili ni saluni, na saluni ya Magomeni jioni unaijua mwenyewe. Ikifika magharibi kunakuwa na mapumziko mafupi, wa kuswali wanashuka msikitini, waliobaki tunafuata mihogo ya kukaanga kwa mama aliye chini ya ngazi. Mihogo hiyo naipa nyota tano bila masharti, chachandu yake hasa.

Darasani tulikuwa mchanganyiko mzuri. Binti wa duka la dawa, si hilo la chini, la Sinza. Dereva wa lori mtu mzima ambaye wote tulimwita Mjomba, anajua njia ya Tunduma kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Fundi simu wa Kariakoo. Mabinti wawili wanaotafuta kazi za hoteli. Na mlinzi mmoja mpole aliyekuwa anakuja na sare kabisa, akitoka hapo anakwenda lindo.

Mwalimu wa Jumanne ni mzee mstaafu wa sekondari. Shati la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, sauti ya kufika nyuma hata saluni wakiwa wameongeza muziki. Huyo ndiye unayemlipia. Mengine yote ni nyongeza.

Somo lililonifanya niseme pesa yangu imerudi lilihusu vitenzi visaidizi, vile vya will, may, might, could na would, unavyovitumia kueleza jambo linaloweza kutokea kwa sababu ya jambo jingine. Wengi wetu tulivipitia sekondari. Tulipewa sentensi tukaambiwa tuzigeuze tuanze na "Unless", tukazigeuza, tukafaulu, tukasahau. Hakuna aliyetuambia vinafanya kazi gani.

Mwalimu hakufungua kijitabu. Aligawa fotokopi ya taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ile ya angalizo la mvua kubwa inayosambaa kwenye magrupu kila masika. Ilikuwa ya Kiswahili. Akamwambia fundi simu asome kwa sauti. Akafika pale wanapoandika uwezekano wa kutokea, wastani. Kiwango cha athari, wastani. Kisha athari zenyewe, baadhi ya makazi kuzungukwa na maji, usafiri kuchelewa.

"Hawa wameuliza maswali mangapi hapo?" Mwalimu akauliza.

Moja, tukasema.

"Mawili. La kwanza, jambo hili lina nafasi gani ya kutokea. La pili, likitokea litaumiza kiasi gani. Nyinyi mnayachanganya kwenye sufuria moja, ndiyo maana Kiingereza chenu kinawatisha watu pasipo na hatari na kinawabembeleza penye hatari."

Kisha akataka kila mtu aandike sentensi moja kuhusu barabara ya Jangwani wakati wa masika. Mkaaji wa Dar hahitaji kuelezwa Jangwani. Mto Msimbazi ukijaa, Barabara ya Morogoro inafungwa pale na mjini unakuona kwa mbali. Mjomba akaandika ubaoni sentensi mbili: "The road might flood a little" na "The road will flood a lot." Alipoulizwa kwa nini, akasema "might" ni ya maji kidogo, "will" ni ya maji mengi. Nami nikitazama daftari za jirani zangu, karibu kila mtu alikuwa na mawazo hayohayo.

Mwalimu akafuta "a little", akaandika "badly". Ikawa: "The road might flood badly." Akauliza kama ni sahihi. Kimya. Saluni ndiyo iliyokuwa inajibu.

Ni sahihi. "Might" inazungumzia uhakika wangu mimi ninayesema. "Badly" inazungumzia maji. Naweza kuwa na shaka kubwa juu ya jambo la kutisha, na naweza kuwa na uhakika kamili juu ya jambo dogo. "It will rain a little" ni sentensi nzima yenye afya. Mjomba alitikisa kichwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, kwa hiyo kule Kitonga ninapoona kibao cha hatari, wanaposema 'may' siyo kwamba wananipunguzia?" Akajibiwa: "Hawakupunguzii, mzee mwenzangu. Wanakwambia hawajui kama ni leo." (Kitonga, kwa asiyeijua, ni ule mlima wenye kona za kukata roho kabla hujafika Iringa.)

Binti wa duka la dawa akadakia. Kila siku anasoma maandishi ya kwenye maboksi, "May cause drowsiness," na wateja wake wote wanaokunywa dawa ile ya mafua wanalala fofofo. Kwa nini wasiandike "will"? Nilipenda jinsi swali lake lilivyochukuliwa. Boksi linazungumza na kila mtu atakayelinunua, na miili haifanani, kwa hiyo mwenye kiwanda hawezi kuahidi usingizi kwa wote. Lakini akija mteja unayemjua, aliyekwambia mara zote akiinywa analala, wewe na yeye mna habari zaidi kuliko boksi. Huyo mwambie "It will make you sleepy, don't drive." Kitenzi kinabadilika kwa sababu anayesema anajua zaidi, dawa ni ileile.

Baada ya hapo ndipo alipochora mstari ubaoni. Upande mmoja "will", la hakika. Katikati "may". Halafu "might" na "could" zimekaa pamoja. Mbali kidogo, kwenye kisanduku chake, "would". Fundi simu akataka asilimia: may ni ngapi, might ni ngapi? Kuna watu mtandaoni wanazigawa hivyo, hamsini kwa thelathini. Mwalimu akacheka. Kati ya "may" na "might" nafasi ni nyembamba, wenye lugha wenyewe wengi wanazitumia bila kubagua, na anayekugawia asilimia mlipe nauli aende zake. Alichosisitiza ni kwamba "might", "could" na "would" zamani zilikuwa maumbo ya wakati uliopita ya "may", "can" na "will". Kiingereza kikitaka kulisogeza jambo mbali na uhakika hulivalisha vazi la jana, hata kama ni la kesho. Nilikuwa sijawahi kuelezwa hivyo, na tangu hapo "would" imeacha kunisumbua.

Sasa nije kwenye kipande nilichokwenda nacho ofisini kesho yake. Tuliambiwa kila mtu alete sentensi ya kazini kwake. Yangu ilikuwa hii, ya mfano wa zile tunazotuma: "If you don't send the documents, the container may be in storage, customs may inspect and the truck may be late." May, may, may. Nikadhani hapo ndipo adabu ilipo.

Mwalimu akaniuliza kimoja kimoja, kama daktari anayebonyeza tumbo. "Siku za bure bandarini zikiisha, storeji inaweza kuanza au inaanza?"

Inaanza, nikasema. Ni tozo, ina jedwali lake. Hakuna anayekaa kufikiria.

"Basi kwa nini unamwambia mteja 'may'? Unampa matumaini ya bure." Ikawa "will". "Forodha wakiwa na shaka na thamani, wanakagua lazima?" Hapana, wanaweza kuuliza nyaraka zaidi, wanaweza kufungua, wanaweza kupitisha, ni uamuzi wao. Ikabaki "may". "Na lori?" Lori linategemea yote mawili hapo juu, pamoja na foleni ya Tunduma. Ikawa "could".

Sentensi ilipokamilika ilisomeka: "If we do not receive the documents by Thursday, the container will go into storage. Customs may also ask for more papers, and this could delay the truck." Msomaji anaona ngazi tatu: lililo la hakika, lililo mikononi mwa mtu mwingine, na lile linalofuata mkia wa hayo. Mteja wa Ndola anajua alipe lipi leo na aombe Mungu juu ya lipi. Kwa mtu wa kazi yangu, hapo ndipo elfu themanini ilipojilipa.

Hapa lakini niseme nilipotofautiana naye. Mzee ana ugonjwa wa ustaarabu. Alitaka nimalizie na "storage charges may apply", akisema ni laini zaidi. Laini, ndiyo. Lakini nyaraka za makampuni ya meli ukizisoma, "may" ina sura ya pili. "The carrier may charge" haisemi labda atatoza. Inasema ana ruhusa ya kutoza, akitaka. Huo ni mdomo wa mkataba, na mteja aliyezoea mikataba akiiona kwenye barua yangu ataanza kunibembeleza nisitumie hiyo ruhusa, wakati anayetoza si mimi. Storeji ni ya bandari, demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena lao, ni ya meli, mimi natumwa tu. Nikamwambia Mwalimu hivyo. Akakaa kimya kidogo, akasema "Hapo mama umenipita, mimi sijawahi kutoa kontena." Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa somo zima.

Kwenye sura hizo mbili za "may" ndiko anakotoka mdudu mbaya kuliko wote, "may not". "The goods may not leave the port." Mzigo hauruhusiwi kutoka, au pengine hautatoka? Sentensi moja inabeba yote mawili, na kwa simu angalau sauti ingekusaidia, kwenye barua pepe hakuna sauti. Dawa aliyotupa ni fupi: ukimaanisha pengine hautatoka, andika "might not". Ukimaanisha hairuhusiwi, andika "are not allowed to" ujue moja. Na usijaribu "could not" kama kinyume cha "could" ya uwezekano, maana hiyo inageuka kuwa haikuwezekana kabisa. Nimeyabandika hayo pembeni ya kompyuta kwa karatasi ya manjano.

"Would" nayo ina sumu yake ofisini. "If you pay today, the truck will leave on Saturday" ni maelezo ya kawaida. "If you paid today, the truck would leave on Saturday" inamwambia mteja kwamba sitegemei alipe. Mabinti wa hoteli walikuwa wanaipenda hiyo ya pili kwa sababu inasikika ya kisomi. Mwalimu akawauliza kama wangemwambia mgeni aliyeshika pochi mkononi, "kama ungekuwa na hela". Darasa zima likaangua kicheko, na somo likaingia.

Kwa yaliyokwisha kupita tulitumia Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kile kilichofika Mafia na boti za Zanzibar zikasimamishwa. "It could have hit Dar harder": ingewezekana, haikuwa hivyo, na tunajua. "The wind may have damaged the roof": bado hatujapanda kuangalia. Ukiniandikia kuhusu mzigo wangu "may have been damaged", nitauliza umeufungua lini. Ukiandika "could have been damaged", na maelezo mengine yanaonyesha mzigo ni mzima, nitapumua. Tofauti hiyo tuliifanyia mazoezi jioni nzima na bado wengine walitoka nayo nusu. Ni ngumu, kwa Kiswahili cha mtaani hata "ingekuwa" na "ingalikuwa" tunazirusha zote mahali pamoja.

Makosa ya kawaida yalipitiwa haraka, kama inavyostahili. Baada ya kitenzi kisaidizi kinafuata kitenzi kitupu: hakuna "may to delay", hakuna "may delays". Hakuna "will can", ni "will be able to". Upande wa "if" kwa kawaida haupokei "will", kwa hiyo "if the ship will arrive" iache. "Unless" tayari imebeba ukanushi, ukiongeza "don't" umemwambia mtu kinyume. Na "can" ni ya tabia ya jumla, "Delays can be expensive", ila kwa kontena hili la kesho sema "could" au "may".

Mabaya sasa.

Kijitabu usinunue. Ni fotokopi ya fotokopi, ukurasa mwingine umekatwa pembeni, na mifano yake ni ya nchi nyingine kabisa. "If it snows, the trains may be late." Treni ya umeme ya Dodoma siku hizi tunayo, tunashukuru. Theluji yetu iko Kilimanjaro na haijawahi kuchelewesha treni ya mtu. Mzee mwenyewe hakitumii, anatumia taarifa za hali ya hewa, maboksi ya dawa na matangazo ya kwenye mabasi, lakini ofisi itakubana ununue siku ya kwanza. Sema utanunua wiki ijayo. Hawafuatilii.

Alhamisi ni bahati nasibu. Mzee akiwa hayupo, na mara nyingine hayupo, anakuja kijana mwenye projekta. Projekta inaonyesha jedwali la aina za sentensi za "if": zero, first, second, third. Tunanakili. Saa mbili nzima tunanakili. Nilimuuliza, kwa heshima zote, kwa nini mstari wa "first" una "will" na si "may", akaniambia ndivyo fomula ilivyo. Hakuna anayekurudishia hata nusu ya ada ya siku hiyo, wala anayekutaarifu mapema ili ubaki kazini. Grupu la WhatsApp lipo, lakini limejaa salamu za asubuhi na matangazo ya vitenge.

Kusikiliza na kuongea ndiko walikoanguka kabisa. Zoezi la kusikiliza ni simu ya mwalimu iliyowekwa juu ya meza, sauti mpaka mwisho, ikishindana na feni na saluni. Na kuna kitu kimoja ambacho kwa watu wa simu kama mimi ni pesa moja kwa moja: "won't" na "want". Masikio yetu ya Kiswahili yanazisikia kama mapacha, na midomo yetu inazitamka hivyohivyo. Mteja akikwambia kwenye simu "We won't pay the storage", ukasikia "want", siku nzima imeharibika. Vilevile "can" na "can't" kwa mtu anayemeza ile "t" ya mwisho. Nilitegemea jioni moja tu ya kulifanyia kazi hilo. Sikuipata, na mzee mwenyewe hutamka "won't" na "want" sawasawa, Mungu amjalie.

Cheti: karatasi nzuri, ina maua pembeni na muhuri mwekundu. Nilipouliza kimesajiliwa wapi, dada wa mapokezi akaniambia "kinatambulika". Nani anakitambua hakusema. Mabinti wa hoteli walichukua kwa sababu ya mahojiano ya kazi, siwalaumu. Mimi bosi wangu anataka barua pepe zisizorudi na rangi ya njano, basi.

Kuna mtu atasema kwa nini uhangaike wakati akili mnemba ipo kwenye simu. Vijana wa ofisini kwetu wanaitumia kila siku, nami naitumia kunyoosha tahajia. Juzi mmoja aliileta rasimu imeandikwa "may potentially result in possible delays". Shaka tatu kwenye pumzi moja! Mteja akisoma hiyo anajua tu kwamba hatujui. Chombo hakikosei sarufi, ila hakijui kwamba siku za bure za kontena hili zinaisha kesho mpaka umwambie, na ukishajua kumwambia ni lipi la hakika na lipi la shaka, kazi kubwa umeshaifanya mwenyewe.

Nani aende, basi. Makarani wa forodha, watu wa bima, wauza dawa, mafundi wa usalama kazini, wanaoandika barua za kuonya wapangaji. Nani asiende: anayejiandaa na mtihani wa kimataifa wenye sehemu ya kusikiliza, na anayeanza Kiingereza kutoka sifuri, atapotea wiki ya kwanza maana mzee anachukulia kwamba kidato cha nne umekanyaga.

Nawapa tatu kwa tano. Mzee peke yake angepata tano, jengo na Alhamisi zimekula mbili.

Madarasa mapya huanza wiki ya kwanza ya mwezi. Ukienda kujiandikisha uliza waziwazi nani anafundisha Jumanne, na usikubali wakuhamishie kundi la Jumamosi kwa sababu "ni lilelile". La Jumamosi ni la kijana wa projekta mwanzo mwisho. Kaa mbele upande wa kushoto, mbali na ukuta wa saluni na chini ya feni inayozunguka. Masika beba viatu vya akiba, na kama unatoka mjini wahi kabla Jangwani hawajafunga. Mihogo inaisha mapema, mama huyo hapiki mara ya pili.